Shoo ya hisani Igogo: itanitoa kimuziki, au nitaonekana natafuta kiki?

"Shikamoo kaka. Nina miaka 24, naishi Igogo hapa Mwanza, naimba na kupiga gitaa. Nimerekodi nyimbo tatu, nimezipeleka redioni, hazipigwi. Mwezi wa sita mimi na wenzangu wanne tulipeleka mchele, sukari na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima, tukapiga picha tukazirusha mtandaoni. Watu wakatutukana kwamba tunatafuta kiki kwa migongo ya yatima, na mama mlezi wa kituo akapiga simu tuzifute. Sasa nimedunduliza laki sita. Nataka Desemba nifanye tamasha kubwa la hisani uwanjani, kiingilio 2,000, mapato yaende kwa wagonjwa wa hospitali. Kuna mheshimiwa mtarajiwa ameniahidi milioni moja, ila anataka picha yake ikae kwenye fulana na bango. Mama anasema sadaka haitangazwi. Je, njia hii inamtoa msanii kweli? Nikikata gharama zangu kwenye mapato ni wizi? Na huyo mheshimiwa nimkubalie?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu, ila chini yake naona kuna la nne ambalo hukulitaja: ni vibaya kutaka jina kwa kutenda wema? Naanza na hilo, kwa sababu msanii anayeona haya kwa jambo analolifanya hulifanya kwa kujificha, na palipo na fedha za watu, kujificha ndiko kunakozamisha.

Mama yako ana hoja. Wakristo wanasoma kwenye Mathayo sura ya 6 kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Waislamu wanasoma kwenye Suratul Baqara kwamba kuidhihirisha sadaka ni vizuri, lakini kuificha na kuwapa mafukara ni kheri zaidi. Ila mama anazungumzia sadaka, yaani chako mwenyewe kilichotoka mfukoni mwako. Ule mchele na sabuni ilikuwa sadaka, na hapo yuko sahihi kabisa, haikuhitaji picha. Tamasha la kiingilio ni jambo jingine. Hizo ni fedha za watu mia mbili, mia tatu, zinapita mikononi mwako kwenda kwa mtu mwingine, na lazima zitangazwe: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, nani kazipokea. Sadaka yako ukiificha unapata thawabu. Michango ya watu ukiificha unapata kesi.

Na kuhusu jina, huku kwetu hilo ni la zamani kuliko Bongo Fleva. Muulize mzee yeyote wa Magu au Kwimba habari za manju. Vikundi vya kulima vya Wasukuma vilikwenda shambani na ngoma. Watu wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja, manju anaongoza wimbo, na shamba ambalo mwenyewe angehangaika nalo siku nyingi linakwisha jua halijawa kali. Bugobogobo unayoiona leo ikichezwa kwa majembe kwenye sherehe imetoka huko huko mashambani. Manju alipata jina, tena akajisifu waziwazi ndani ya nyimbo zake na kuwarushia vijembe wapinzani. Sikuwahi kusikia mzee akimlaumu kwamba alitumia shamba la mtu kujitangaza, maana jioni shamba lilikuwa limelimwa. Wimbo wake ulikuwa sehemu ya kazi. Ukimtoa, majembe yanakosa pigo.

Sasa ziweke zile picha zenu kando ya shamba hilo. Muziki wenu ulifanya kazi gani pale kituoni? Haukufanya kitu. Mlipeleka mchele, na mchele hata mwenye duka angeupeleka. Mtu aliyefungua simu yake aliona vijana watano wamesimama nyuma ya mtoto aliyeshikishwa kipande cha sabuni. Hakusikia sauti yako. Hakujua wewe ni mwimbaji, fundi simu au mgombea udiwani. Kilichobaki machoni pake ni uso wa mtoto, na swali moja: huyu aliulizwa? Watu hawakuwatukana kwa kuwa mlitaka jina, mdogo wangu. Waliwatukana kwa kuwa jina lenu lililipiwa na mtoto.

Mama mlezi naye hakuwa anawaonea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu na faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Picha inayomtambulisha mtoto na kumtaja kuwa yatima au mgonjwa si yako kuirusha kwa sababu tu simu ni yako. Mtoto huyo atakuwa kidato cha pili siku moja, na mwenzake ataiokota picha hiyo. Kama bado iko kwenye ukurasa wa yeyote kati yenu watano, ifuteni leo kabla hujaendelea kusoma.

Swali la kwanza: njia hii inamtoa msanii? Nimeratibu shoo Kanda ya Ziwa kwa miaka kumi na tisa, kubwa na ndogo, za kulipa na za bure, na jibu langu ni kwamba tamasha la hisani peke yake halimtoi mtu. Sababu inaeleweka ukitazama uwanja unavyofanya kazi. Watu mia nane waliokuja uwanja wa Furahisha jioni ya Jumapili hawakuja kwako. Wamekuja kwa sababu ni Jumapili, kuna muziki, na mtoto anataka baluni. Wasanii wanane wanapanda, kila mmoja na nyimbo mbili za pleibeki, besi inapiga kifuani, maneno hayasikiki. Wanarudi nyumbani wakikumbuka kwamba kulikuwa na shoo. Nani aliimba? "Yule mwenye koti jekundu."

Shabiki ni mtu anayeamka kesho yake na kiitikio chako mdomoni, na kiitikio hakiingii kwa mtu aliyesimama mita hamsini anakula mahindi. Kinaingia kwa ukaribu na kwa kurudiwa. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo za mwezi wa sita, uwatazame Bagika na Bagalu, wale wachezaji wa makundi mawili hasimu ya ngoma za Kisukuma. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, na watazamaji wana miguu yao: wanaohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili ndio hukumu. Mchezaji anapigania mtu mmoja mmoja, anamwona akigeuka. Wewe kwenye jukwaa kubwa hutamwona anayegeuka.

Kinachokusaidia kwenye kazi za jamii ni vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye bango. Cha kwanza ni hao wasikilizaji wachache walio karibu. Cha pili ni maofisa. Afisa utamaduni, muuguzi mkuu, mwenyekiti wa mtaa, hawa ni watu wanaoandaa matukio mwaka mzima, na wamechoka na wasanii wanaoahidi saa tatu wakafika saa saba. Ukifika kwa wakati, ukaimba bila vurugu, ukaondoka bila deni, namba yako inahifadhiwa. Niseme wazi: msanii asiye na lebo hapa Mwanza anakula kwa harusi, sendofu na matukio ya taasisi kuliko anavyokula kwa redio. Na hata redio, mtangazaji akipokea ujumbe kwamba "msanii mpya ana wimbo mpya", anao mia moja wa namna hiyo. Akisikia kijana wa Igogo ameimba asubuhi nzima na chupa arobaini za damu zikapatikana, hapo ana habari ya kusoma, na wimbo wako unaingia ukiwa umeshika mkono wa habari hiyo.

Nimetaja damu kwa makusudi, nitarudi huko. Kwanza tuimalize hesabu ya tamasha lako, maana ndiyo inayonitisha.

Tuseme muziki na jenereta ni 350,000. Jukwaa na turubai 200,000. Uwanja, vibali na ulinzi 150,000. Mabango, usafiri na chakula cha wasanii wenzako 150,000. Jumla 850,000, na bado hujamlipa mshereheshaji. Wakija watu 300 wakalipa 2,000 wote, bila wa kuruka ukuta na bila wa "mimi ni mjomba wake", unapata 600,000. Desemba ni mvua za vuli, na unajua mvua ikishuka kutoka kwenye majabali ya Mabatini na Igogo uwanja unakuwaje. Kwa hesabu hiyo wagonjwa wanapata sifuri, wewe unaziba pengo la 250,000 kutoka kwenye zile laki sita zako, na bango linaendelea kuning'inia likisema mapato yote kwa wagonjwa.

Haya siyasemi kwa kubuni. Miaka ya mwanzo nilimwandalia mwimbaji mmoja tamasha la madawati ya shule moja ya msingi upande wa Nyakato. Tulitangaza madawati mia moja kwa kipaza sauti juu ya gari, siku tatu mfululizo. Watu walikuja, si haba. Usiku ule ule mwenye muziki akasimama mlangoni akataka chake, mwenye jenereta akataka chake, nikawalipa kutoka kwenye ndoo ya kiingilio kwa sababu hapakuwa na ndoo nyingine. Tulipeleka madawati kumi na moja. Mwalimu mkuu alitushukuru kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi. Yule mwimbaji alikuwa na sauti, nakuhakikishia, lakini miaka mingi baadaye akipita Nyakato watoto waliokwisha kuwa wanaume bado walimwuliza: kaka, madawati yetu yako wapi? Kosa lilikuwa langu, jina lililochafuka likawa lake.

Hata wakubwa wa dunia waliwahi kuteleza hapo. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison wa Beatles na mpiga sitar wa India, Ravi Shankar, walifanya tamasha New York kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, shoo mbili kwa siku moja. Fedha za tiketi, kama dola 243,000, zilifika UNICEF bila shida. Zilizokwama ni za santuri na filamu, ambazo zilikuwa nyingi zaidi: tamasha halikuwa limesajiliwa mapema kama shughuli ya hisani, mamlaka ya kodi ya Marekani ikadai sehemu yake, na fedha zikakaa miaka wakati wenye njaa wanasubiri. Nia ilikuwa safi na wanasheria walikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi iliyoandikwa kabla.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Kukata gharama si wizi. Kukata gharama ulizozitaja baada ya fedha kuingia, huo ndio wizi, hata kama kila risiti ni ya kweli. Mnunuzi wa tiketi anaposoma "mapato yote" anaelewa shilingi 2,000 yake yote. Ukiandika kwenye tiketi kwamba 1,000 ni gharama na 1,000 ni ya wagonjwa, hakuna atakayekulaumu, na wengine watakuheshimu zaidi. Iliyo bora kuliko hiyo ni kutafuta watu wa kubeba gharama kwa vitu, huyu atoe turubai, yule mafuta ya jenereta, ili kiingilio kisiguswe kabisa. Na kwa hali yoyote ile, michango isiingie kwenye namba yako ya simu. Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko mizani ya dhahabu, siku utakayonunua kiatu kipya watu watahesabu. Hospitali ya umma ina utaratibu wake wa kupokea fedha kwa kontrol namba; nenda ofisi ya uhasibu waulize, mchango uingie huko moja kwa moja, wewe ubaki na risiti ya kuonyesha.

La mheshimiwa halina mzunguko mrefu. Usikubali. Siku picha yake itakapokaa kwenye fulana, shoo si ya kwako tena, ni mkutano wake wenye burudani, na wewe ndiye burudani. Wasiompenda hawatakuja, watakaokuja watakuhesabu upande, na akishindwa umeshindwa naye. Hospitali na shule zenyewe zitakunyima mlango zikiona bango la mtu wa siasa. Akitaka kusaidia kwa moyo, mwambie kwa heshima anunue juisi na biskuti za wachangia damu kama mkazi mwingine yeyote wa mtaa, jina lake lisomwe pamoja na la mama muuza samaki aliyetoa katoni mbili za maji. Jibu atakalokupa litakuonyesha alichokuwa anakitaka.

Sasa damu. Kama laki sita ile ingekuwa yangu, na gitaa lile ni langu, ningelipeleka huko.

Wachangiaji wengi wa hiari nchini ni wanafunzi, hasa wa sekondari. Damu nzima inakaa kwenye jokofu siku 35 hivi, haiwezi kuwekwa akiba ya mwaka. Shule zinapofungwa Desemba, wachangiaji wametawanyika makwao, akiba iliyopo inazeeka, na ajali za mwisho wa mwaka hazifungi shule. Akina mama wanaotoka damu wakati wa kujifungua wapo palepale, watoto walioishiwa damu kwa malaria wapo, na Kanda ya Ziwa yetu ina wagonjwa wengi wa selimundu kuliko kanda nyingi. Desemba uliyoichagua kwa ajili ya sikukuu ndiyo hasa wenye benki ya damu wanayoiogopa. Umepiga ndege bila kulenga.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda hapa hapa Mwanza, na timu zake hutoka kwenda mitaani kukusanya damu. Vitanda wanavyo, wauguzi wanao, jokofu wanalo. Wanachohangaika nacho ni watu, na zaidi ya watu, subira ya watu. Fikiria mlolongo wenyewe: unajaza fomu, unapimwa uzito, unachomwa kidole kuangalia wingi wa damu, unaulizwa maswali ya faragha, ndipo ulale kitandani. Kutoa damu kwenyewe, mililita 450 hivi, ni dakika kumi tu. Kusubiri kunaweza kuchukua saa nzima, na katika saa hiyo mtu anatazama sindano, anasikia jirani yake akisema fulani alizimia, anakumbuka ghafla kwamba kaacha sufuria jikoni. Wanaondokea hapo. Benchi la kusubiri ndilo shamba lako, mdogo wangu. Ukiimba pale ukawafanya watu sitini wakae badala ya ishirini, umefanya kazi ambayo muuguzi hawezi kuifanya na mheshimiwa hawezi kuinunua. Na tazama ulivyokaa: watu sitini, mita tano kutoka kwako, hawana pa kwenda kwa dakika arobaini. Msanii gani wa Kanda ya Ziwa hapati wivu?

Ila uimbaji wa pale una masharti yake. Hakuna pleibeki wala spika za harusi. Muuguzi anamwuliza mtu maswali ambayo jirani hapaswi kuyasikia, kwa hiyo sauti yako ishuke, gitaa likae karibu na mabenchi na mbali na meza ya maswali. Spika moja ndogo inatosha. Ni asubuhi hadi saa nane, si usiku, na hakuna pombe. Waambie watu kati ya nyimbo mambo wanayopaswa kuyajua kabla hawajafika mezani: umri ni miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50, mtu awe amekula, mwanaume anachangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Usiongeze dawa wala ushauri wako mwenyewe. Na usiwaahidi watu kwamba watapimwa magonjwa bure kama chambo: damu hupimwa kweli virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, lakini mtu anayekuja kwa shaka ya ugonjwa anatakiwa kwenda kupima kituo cha afya, asije kuutafutia majibu kwenye chupa itakayoelekea kwa mama mzazi.

Picha zipo, usihuzunike. Piga wewe ukiimba, piga mabenchi kwa nyuma, piga sanduku la chupa zilizopatikana kama wenyewe wataruhusu. Anayetaka kupigwa akiwa kitandani atakuambia mwenyewe, na vijana wengi watataka. Mwisho wa siku una namba moja ya kutangaza, haina kiingilio ndani yake wala risiti, na wenye namba hiyo ni Damu Salama, si wewe. Laki sita yako itatumika robo tatu: turubai, spika, juisi, soda, nauli ya wenzako. Itakayobaki irudie studio, au siku ya pili mtaa wa jirani. Mara ya tatu watu watakuwa wanaitikia.

Kuna njia nyingine uliyonayo kwa kuwa Igogo iko ufukweni, na sitaki niifiche: shoo ya mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, kwa mfano ya usafi wa fukwe au kuhimiza jaketi okozi kwa wavuvi. Wavuvi wa dagaa ni wasikilizaji wakarimu sana wakiwa na muda. Shida ni kwamba waandaaji wa mjini wanapanga tarehe kwa kalenda ya ukutani. Mvuvi wa dagaa anafuata mwezi wa angani. Siku za giza yuko ziwani usiku kucha na taa zake, mchana amelala, dagaa wanaanikwa, hakuna atakayekuja kukusikiliza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kambi inapumzika, nyavu zinashonwa, na mapato ya giza lililopita bado yako mfukoni. Panga hapo. Lakini mwalo una wenyewe: kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wenye mitumbwi, akina mama wa dagaa. Usiende na bango kabla hujakaa nao kikao, na ukienda kuimba habari za kuzama usizifanye za kurukia. Aliwahi kunijia kijana akitaka shoo ya kucheza tarehe 21 Mei, siku ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, tena Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa. Nilimwuliza kama ana ndugu pale. Akakaa kimya, tukaachana na wazo hilo.

Makaratasi nayapitia haraka. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama hujasajiliwa. Nyimbo zako tatu zisajili COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, maana video ya tukio ikisambaa wimbo utachukuliwa, na kubaliana kwa maandishi na mpiga video nani anamiliki nini. Kwa tukio lenyewe, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa utamaduni wa Jiji, na polisi wapewe taarifa. Barua yako ya kuomba kibali inakuwa nyepesi sana ukienda ukiwa umekwisha kuzungumza na Damu Salama, kwa sababu hapo wewe ni msaidizi wa shughuli yao na wanaoiombea nafasi ni wao.

Yapo ambayo barua kama hii haiwezi kukusaidia, uende ana kwa ana. Kama umekwisha kupokea hata shilingi moja ya mchango kwa ajili ya hilo tamasha la uwanjani, au umesaini chochote na mheshimiwa, usinijibu mimi: mtafute mwanasheria wiki hii, ukiwa na karatasi zote na ujumbe wa simu, kabla hujarudisha wala kutumia. Ukitaka kushughulika tena na watoto kwa namna yoyote, mlango ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye ndiye anayejua kituo kipi kimesajiliwa na kinahitaji nini. Na kama siku moja utaendesha tamasha la kiingilio kweli, muone mhasibu na uulize mamlaka ya mapato, TRA, mapema, usisubiri waje langoni.

Kwa yule mama mlezi, rudi. Nenda peke yako, bila simu mkononi, umwombe radhi. Usipeleke zawadi siku hiyo, itaonekana unanunua msamaha. Akikwambia kuna mtoto anayependa gitaa, utakuwa umepata mwanafunzi wa Jumamosi. Asipokwambia kitu, umesharudisha ulichochukua.

Siku ya damu yenyewe, najua utataka kuwa wa kwanza kulala kitandani ili watu wakuone. Usifanye hivyo. Ukitoa damu unatakiwa kunywa maji ya kutosha na kupumzika, na mwimbaji aliyesimama juani baada ya kutoa damu anaweza kuanguka mbele ya benchi zima. Utakuwa umewafukuza wote sitini kwa mpigo. Imba kwanza. Changia wa mwisho, gitaa likiwa kwenye mfuko wake, na kama kipimo cha kidole kitasema damu yako haitoshi, mwambie muuguzi akuandikie tarehe ya kurudi.